GX100 imegoma kupiga stata baada ya kutoa otomatiki na kuweka giaboksi ya manyuali

Mmiliki_GX100

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu. Mafundi wawili wananivuta kila mmoja upande wake, na anayelipa ni mimi.

Nina Toyota Mark II GX100, injini ya 1G-FE, ilikuja na otomatiki. Giaboksi ilianza kuteleza ikiingia gia ya tatu, baadaye ikawa inachelewa hata kushika D, na mafuta yake yalipomwagwa yalikuwa meusi yananuka kuungua. Otomatiki nyingine iliyotumika bei yake ni kubwa na hakuna anayeidhamini, nikaamua kuhamia manyuali. Nimepata seti nzima iliyofunguliwa kwenye gari la aina hiyo hiyo: giaboksi, flaiwili, klachi pleti na presha pleti, pedeli, masta silinda na sleva ya klachi, propela, leva ya gia. Kazi ya spana imefanyika gereji moja hapa mjini na kwa macho yangu imekaa vizuri. Gia zote zinaingia, klachi inakamata na kuachia.

Sasa nikiwasha swichi, taa za dashibodi zinawaka zote, na ya injini ikiwemo. Nikipeleka ufunguo kwenye stata, kimya. Hakuna hata "ta". Taa hazififii. Fundi wa kwanza kasema stata imekufa, ikafungwa nyingine, kimya vilevile. Fundi wa pili anasema kontroli boksi (kompyuta ya gari) ya otomatiki haikubali injini iwake bila giaboksi yake, nikatafute ya manyuali. Kabla ya kazi hii gari lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja, asubuhi na baridi yake.

Kabla sijatoa hela nyingine, mwenye uzoefu anisaidie.

FundiUmeme

Mkuu, shika hela yako. Usinunue kontroli boksi, na ile stata ya kwanza usiitupe, inawezekana kabisa ni nzima.

Kwenye gari la otomatiki umeme wa stata hautoki kwenye swichi ya ufunguo ukaenda moja kwa moja kwenye stata. Unapita kwanza kwenye swichi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ile wengi tunaiita swichi ya P na N (P ya kuegesha, N ya huru). Kazi yake ni kuzuia injini isipigwe stata leva ikiwa D au R. Ndani yake kuna njia inayoungana leva ikiwa P au N tu. Giaboksi yako imeondoka na swichi hiyo, njia imekatika. Ukigeuza ufunguo, umeme unafika pale chini na kuishia kwenye soketi inayoning'inia.

Umeandika jambo moja muhimu sana: taa hazififii. Stata iliyopata umeme ikakwama huvuta mkondo mkubwa, taa hufifia na unasikia kishindo kimoja kizito. Betri ikichoka unasikia "tatatata". Kimya kabisa na taa zimesimama imara, hapo ama umeme haufiki kwenye stata, ama unafika na stata ni mbovu ndani, kwa mfano brashi zimekwisha. Wewe umeshabadilisha stata na hali ni ile ile, kwa hiyo naegemea upande wa kwanza. Lakini usiamini maneno yangu, pima.

Weka leva huru, vuta handibreki, zuia matairi kwa mawe. Kwenye stata kuna keboli nene kutoka betri, hiyo ina umeme muda wote, na kuna waya mwembamba wenye soketi yake, ndio mguu wa 50. Chomoa huo mwembamba, weka mita upande wa volti, waya mmoja wa mita kwenye soketi na mwingine kwenye chuma cha injini. Mtu akushikilie ufunguo kwenye stata. Ukipata volti za betri, rudi kwenye stata. Ukipata sifuri, rudishia waya wa stata, kisha nenda kwenye soketi iliyokuwa kwenye swichi ya giaboksi.

Soketi ile ina nyaya kadhaa nyembamba za taa za P, R, N, D na mbili nene zaidi. Rangi sikupi makusudi, zinabadilika mwaka hadi mwaka na nimeona watu wameunguza nyaya kwa kufuata rangi za mtandaoni. Tafuta kwa mita. Ufunguo ukishikiliwa kwenye stata, mmoja kati ya zile nene utapata volti 12 au karibu yake. Huo unatoka kwenye ufunguo. Sasa zima kila kitu, geuza mita iwe ya kupima ukinzani, pima ule mnene mwingine na bodi. Ukisoma namba ndogo sana, karibu na sifuri, hiyo ni koili ya stata unaisoma kutoka mbali. Huo ndio unaokwenda kwenye stata. Unganisha hizo mbili kwa muda kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 30, geuza ufunguo. Ikipiga, umepata jibu kwa gharama ya kipande cha waya.

Usiache hivyo kwa kudumu. Ukishapima nitakuelekeza namna ya kumalizia.

Kijana_wa_Gereji

Mkuu yote hayo ya nini? Sisi huku tunachukua kitufe cha kubonyeza, waya mmoja kutoka betri, mwingine kwenye stata, unawasha swichi, unabonyeza, gari linawaka. Gari nyingi zinatembea hivyo na hazina shida.

FundiUmeme

Kijana, nakuheshimu, lakini hapo siwezi kukubaliana nawe.

Kwanza ni usalama. Gari la manyuali lenye kitufe kisichojua lolote kuhusu klachi, mtoto akiingia akabonyeza gari likiwa kwenye gia, linaruka mbele. Ikiwa ufunguo umewashwa na injini ikashika, haliruki tu, linakwenda. Otomatiki ilikuwa na kinga, wewe umeitoa na hujarudisha nyingine.

Pili, koili ya stata inapovuta mara ya kwanza inakula ampea nyingi kuliko vile vitufe vidogo vya dukani vinavyoweza kubeba. Kinafanya kazi miezi kadhaa, kisha ncha zake zinaungua, au zinashikana na stata inaendelea kuzunguka injini ikiwa imeshawaka. Hapo unaua stata na meno ya flaiwili kwa pamoja.

Tatu, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kwenye Toyota za umri huu kontroli boksi ina mguu unaoitwa STA. Ufunguo ukiwa kwenye stata, mguu huo unapata umeme na kontroli boksi inajua injini inapigwa, hivyo inaongeza mafuta ya kuwashia. Ukitumia kitufe cha pembeni, ufunguo haujafika kwenye stata, STA haina kitu. Injini ya moto itawaka. Asubuhi ya Mbeya au Makete itakusumbua, na mwenye gari ataanza kubadilisha plagi na pampu ya mafuta, wakati kosa liko kwenye kitufe.

Makanika_Pwani

Hamjambo ndugu zangu. Niko Mombasa, kazi yangu kubwa ni Hiace. Huku matatu nyingi huja na otomatiki kutoka Japani na mwenye gari hutaka manyuali kabla haijaanza biashara, kwa hiyo shughuli hii naifahamu.

Fundi Umeme amesema kweli yote. Nami naongeza upande wa chuma, kwa sababu ukishatatua umeme unaweza kukutana na shida ya pili ukadhani ni ile ile.

Otomatiki haina flaiwili nzito. Ina sahani nyembamba ya chuma inayoshika konveta (kifaa cha mafuta kinachokaa mahali pa klachi), na meno ya stata yako kwenye ukingo wa sahani hiyo. Manyuali ina flaiwili nene yenye meno yake. Kuna injini ambazo stata ya otomatiki na ya manyuali ni moja, na kuna ambazo pua ya stata inatofautiana urefu au gia yake ndogo ina idadi nyingine ya meno. Ukisikia stata inalia "wiiii" bila kuzungusha injini, gia yake haifiki kwenye meno. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, inafika nusu au meno hayapatani. Acha kujaribu mara moja, kila mguso unakula meno. Toa stata, hesabu meno ya gia yake, pima kwa rula umbali kutoka uso wa kufungia mpaka kwenye meno ya flaiwili, linganisha na stata.

Kuna bati jembamba ambalo hukaa kati ya injini na giaboksi. Mafundi wengi hulitupa wakidhani ni la kuzuia vumbi tu. Kwa baadhi ya injini bati hilo ndilo linaloweka stata mahali pake. Likikosekana, au likiwekwa la otomatiki pahala pa la manyuali, stata hukaa vibaya.

Halafu bolti. Za sahani ya otomatiki na za flaiwili hazilingani urefu, maana moja inabana bati na nyingine inabana chuma nene. Ukifunga flaiwili kwa bolti fupi za otomatiki, zinashika nyuzi chache mno. Leo gari litatembea, lakini flaiwili ikilegea kwenye mwendo itapasua nyumba ya klachi na iko karibu na miguu yako. Uliza gereji yako swali hili moja kwa moja.

Mmiliki_GX100

Asanteni sana wakuu. Nimenunua mita na leo tumekaa na jirani yangu tukapima.

Mguu wa 50: sifuri. Soketi ya giaboksi nimeikuta imefungwa kwa mpira juu ya propela, safi haijaguswa. Nyaya mbili nene zipo kama ulivyoeleza, mmoja umesoma volti 11.9 ufunguo ukiwa kwenye stata, mwingine umesoma karibu na sifuri kwenye ukinzani. Nimeunganisha kwa waya wenye fyuzi.

STATA IMEPIGA! Nimefurahi mpaka jirani kacheka.

Lakini inazunguka kwa uzito, kama betri imekwisha, na injini haijawaka. Betri ni mpya, inasoma 12.6. Kuna jambo limenitisha: keboli ya akselereta kwenye injini imepata moto mpaka nimeshindwa kuishika. Nimeacha. Bolti za flaiwili nimeuliza, wamenionyesha za zamani zilizobaki, ni fupi, na zilizofungwa zilikuja na seti ya manyuali.

FundiUmeme

Vizuri umeacha. Usipige tena mpaka umalize hili, isipokuwa ile sekunde moja ya kupima.

Keboli ya akselereta kupata moto wakati wa stata maana yake umeme wa kurudi betri hauna njia yake, umepita kwenye keboli hiyo. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na bodi vizuri kwa umeme. Kuna keboli ya ethi inayounganisha injini au giaboksi na bodi, na mara nyingi ncha yake moja inafungwa kwenye bolti ya giaboksi. Giaboksi iliposhushwa ilifunguliwa, na iliporudi haikufungwa, au imefungwa juu ya rangi na kutu. Mkondo wa stata ni mamia ya ampea, lazima upite mahali. Ukikosa njia nene utapita kwenye keboli ya akselereta, ya handibreki, popote penye chuma, na unaweza kuwasha moto.

Pima hivi: mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe (kwenye risasi, yaani kichwa cha betri, si kwenye klempu), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata sekunde moja tu. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Nzuri inakaa karibu na 0.2 au chini yake. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kwenye risasi ya chanya mpaka kwenye bolti nene ya stata. Na betri yenyewe wakati wa kupiga isishuke chini ya 9.6 hivi.

Keboli mpya ya ethi haina gharama kubwa. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Mzee_Landrover

Nafuatilia kwa makini. Niongeze kwa wenye magari mengine watakaosoma uzi huu, maana si kila gari ni Toyota.

Sensa ya krenki, ile inayoiambia kontroli boksi injini iko wapi, kwenye 1G na Toyota nyingi tunazotumia haihusiani na giaboksi. Lakini Land Rover zenye injini ya dizeli ya Td5 sensa imekaa kwenye nyumba ya giaboksi na inasoma flaiwili yenyewe. Jeep Cherokee za lita 4.0 nazo ni hivyo, sensa iko kwenye kengele ya giaboksi (nyumba ya klachi) na inasoma mianya iliyokatwa kwenye flaiwili. Kwa gari kama hizo ukiweka flaiwili isiyo yake, au sensa ikakaa mbali kidogo kuliko inavyotakiwa, stata itapiga vizuri kabisa na injini haitatoa hata cheche. Unaweza kubadilisha plagi zote na usipate kitu. Dalili rahisi: angalia mshale wa mizunguko kwenye dashibodi wakati wa kupiga stata. Kwenye gari nyingi, ukitikisika kidogo sensa inasoma. Ukilala kabisa, anza na sensa.

Nyingine ni imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua ufunguo. Ukishawishiwa kununua kontroli boksi ya manyuali kutoka gari jingine lenye chipu kwenye ufunguo, ufunguo wako hautatambuliwa. Injini itawaka sekunde moja au mbili na kuzima, au haitawaka kabisa. Mtu alikuwa na tatizo moja la waya, sasa ana mawili na moja ni la kompyuta.

Makanika_Pwani

Mzee amenikumbusha. Kabla hujapiga stata tena baada ya kutengeneza ethi, chukua soketi na mpini mrefu uzungushe injini kwa mkono kwenye puli ya krenki, leva ikiwa huru. Inapaswa kuzunguka, nzito wakati wa kugandamiza lakini inazunguka. Toa plagi ikiwa unataka iwe nyepesi.

Ikikataa, au ikizunguka klachi ikikanyagwa tu, kuna kitu kinabana. Nyuma ya krenki ya manyuali hukaa beringi ndogo, pailoti, ambayo ncha ya shafti ya giaboksi huingia. Otomatiki nyingi hazina. Mahali pake huenda pakawa na kishikizo cha konveta ambacho fundi hakukitoa. Shafti ikigonga hapo giaboksi haikai, na fundi asiye na subira huivuta kwa kukaza bolti za kengele mpaka ifunge. Hapo krenki inasukumwa mbele na vipande vya kuzuia krenki isitembee vinaliwa. Giaboksi lazima ikae kwa mkono mpaka nyuso zigusane, ndipo bolti zikazwe. Na zile pini mbili za kuongoza kwenye bloku ziwepo.

Mmiliki_GX100

Wakuu, taarifa ya leo.

Injini inazunguka kwa mkono bila shida, klachi ikikanyagwa na isipokanyagwa. Ethi: nilisoma volti 3 na zaidi! Keboli nimeikuta, inaning'inia kwenye bodi, ncha ya giaboksi haikufungwa kabisa. Nimeweka mpya nene, sasa nasoma 0.1. Stata inapiga kwa nguvu kuliko hata zamani.

Injini haijawaka. Na nimegundua kitu kipya: taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki tena nikifungua swichi. Mwanzoni ilikuwa inawaka, nina uhakika. Mshale wa mizunguko umelala. Fundi wa pili kanipigia simu tena kuhusu kontroli boksi.

FundiUmeme

Asikuvute. Taa ya injini kutowaka swichi ikiwa wazi ni dalili nzuri kwako kwa sababu inakupeleka mahali pamoja: kontroli boksi haipati umeme. Nenda kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, tafuta iliyoandikwa EFI (mfumo wa umeme wa kupuliza mafuta). Naamini utaikuta imekatika.

Ukiikuta imekatika usiweke kubwa zaidi ya iliyoandikwa kwenye kifuniko, na usiweke waya. Weka ya saizi yake, fungua swichi. Ikikatika hapo hapo, kuna waya umegusa bodi. Tafuta mahali ambapo kazi imefanyika. Fyuzi hiyo hailishi kontroli boksi peke yake. Rilei yake (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inalisha pia nozeli kwenye baadhi ya magari, na hita ya sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, jirani kabisa na giaboksi. Angalia waya wa sensa hiyo kama haujalala juu ya bomba. Kisha angalia mahali ambapo mafundi wengi wanapasahau: juu kabisa ya kengele, pale giaboksi inapokutana na bloku. Mkanda wa nyaya unapita hapo. Giaboksi ikipandishwa na mtu mmoja kwa jeki, nyaya zinaingia katikati na kubanwa. Mwanzoni plastiki inavumilia. Injini ikishatikisika kwa stata mara kadhaa, plastiki inakatika.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Kazi hii huku kwetu inaonekana ni ya spana, fundi umeme anaitwa mwisho kabisa, gari likishagoma. Aitwe siku ya kushusha giaboksi. Ndiye anayejua kila soketi inakwenda wapi, aweke alama, azifunge juu zisiguse moshi wala propela, aone keboli ya ethi inarudi. Ni nusu saa. Hesabu hela uliyokwisha kutoa kwenye stata ya pili na mita na keboli, ukichanganya na muda gari limelala, uone.

Mmiliki_GX100

LIMEWAKA!

Fyuzi ya EFI ilikuwa imekatika. Niliweka nyingine ikakatika ndani ya sekunde. Nilimwita fundi umeme wa mtaani, kijana mtulivu sana, nikamsomea maelezo haya kwenye simu. Alilala chini na tochi, akaanza na sensa ya oksijeni, haikuwa na shida. Akaenda juu ya kengele. Waya mbili zimebanwa kati ya bloku na giaboksi, zimebaki bapa, shaba inaonekana. Ilibidi walegeze bolti za kengele na kurudisha giaboksi nyuma kidogo kuzitoa. Akakata, akaunga kwa risasi, akavisha mpira, akauhamisha mkanda mzima. Fyuzi mpya, taa ya injini ikarudi, stata, ikawaka mara moja na ikatulia.

Nimebaki na maswali. Waya wa kuunganisha bado ni wa muda. Taa ya O/D OFF (ya ovadraivu ya otomatiki) inapepesa muda wote. Taa za rivasi haziwaki. Na ufunguo hautoki kwenye swichi nikizima, unagoma kurudi mwisho.

FundiUmeme

Hongera sana mkuu, na mpe pole na pongezi huyo kijana. Ameshika kazi vizuri.

Stata kwanza. Nunua rilei ya ampea 40 ya miguu minne na kishikio chake. Mguu wa 30 ulishwe na ule waya mnene unaotoka kwenye ufunguo. Mguu wa 87 uende kwenye ule mnene wa stata. Mguu wa 86 uuchukulie hapo hapo kwenye waya wa ufunguo, na 85 uende kwenye swichi ya pedeli ya klachi, ambayo upande wake wa pili unafungwa bodi. Swichi iwe ya kuunganisha klachi ikikanyagwa mpaka chini. Rilei inakula ampea ndogo sana kwenye koili yake, kwa hiyo swichi ya pedeli haitaungua. Pedeli uliyonunua huenda ina nafasi ya swichi hiyo tayari, angalia juu kwenye kishikio. Waya wa njia ya stata uwe wa milimita 4 za mraba, si ule mwembamba wa redio. Kwa njia hii ufunguo unabaki kuwa ufunguo, STA inapata taarifa yake, na gari halipigi bila klachi.

O/D OFF inapepesa kwa sababu kontroli boksi inatafuta solenoidi za otomatiki (koili zinazobadilisha gia) na haizioni. Ukiunga matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye boksi la kupimia lililo kwenye injini, taa hiyo itakuhesabia namba. Nategemea utaona 62, 63 na pengine 64, hizo ni solenoidi. Hazizuii injini kuwaka. Ukiona 42 au 61 hiyo ni sensa ya mwendo, hiyo usiipuuze, kagua kama soketi yake imechomekwa kwenye giaboksi mpya. Spidi mita ikifanya kazi, umepona.

Taa za rivasi: kwenye soketi ile ile ya zamani mna nyaya mbili nyembamba zinazohusika, mmoja una umeme swichi ikiwa wazi, mwingine unakwenda kwenye taa za nyuma. Giaboksi ya manyuali ina swichi ndogo ya nyaya mbili ubavuni. Hakikisha kwa mita, kisha unganisha hizo mbili kupitia swichi hiyo. Nyaya zilizobaki kwenye soketi kila mmoja ufungwe peke yake, usizikusanye pamoja.

Ufunguo: gari la otomatiki lina kifungo cha umeme kwenye swichi ya ufunguo kinachozuia usitoke mpaka leva iwe P. Leva ya otomatiki imetolewa, kwa hiyo kifungo hakijui kama uko P. Fungua plastiki chini ya usukani, utaona koili ndogo yenye soketi ya nyaya mbili iliyoshikamana na nyumba ya ufunguo. Chomoa soketi hiyo ujaribu. Kwenye nyingi ufunguo unatoka hapo hapo. Usipotoka, piga picha ya eneo hilo uweke hapa, tuone imefungwaje.

Makanika_Pwani

Na ukimaliza, baada ya kutembea kidogo rudi chini na spana: bolti za kengele, maunti ya giaboksi, bolti za propela. Angalia pia mafuta kwenye sleva ya klachi. Seti zilizotumika hukaa muda mrefu bila kazi, mpira wa sleva hukauka ukaanza kuvuja wiki za mwanzo, na pedeli ikizama barabarani hutaweza kutoa gia.

Mmiliki_GX100

Soketi ya chini ya usukani nimechomoa, ufunguo umetoka. Namba zilizohesabiwa ni 62, 63 na 64 tu, spidi mita inasoma. Rilei na waya nimenunua, kesho yule kijana anakuja kufunga swichi ya klachi na rivasi. Nitaweka picha za mchoro wa rilei aliouchora ili mwingine asianze mwanzo.